Suruali ya maua harusini? Vaa, bora ufike

SHULE zikifungwa, Agosti na Desemba, ni nadra Jumamosi kupita Chaani bila hema kufungwa mahali. Spika zinapangwa, sufuria za pilau zinatengwa kwenye mafiga nyuma ya nyumba, na njia ya mtaa inazibwa nusu siku bila mtu kununa, maana kila mmoja anajua zamu yake itafika.

Mwaliko nao siku hizi mara nyingi hauletwi kwa kadi. Unaingia kwenye kundi la WhatsApp: siku, saa, nyumba ya nani, kisha ule mstari wa mwisho unaowatoa vijana jasho: “Ni shughuli ndogo tu jamani, vaeni kawaida.”

Kawaida ipi sasa? Ya kutumwa dukani, au ya Idi? Ukiambiwa suti, unajua moja. Ukiambiwa sare ya kitenge, utalalamika kuhusu bei lakini angalau unajua. Hii “kawaida” ndiyo inayokuacha umesimama chumbani, kitanda kimejaa nguo, mkononi umeshika ile suruali yako pana ya maua, hujui kama ni ya harusi au ya kwenda bichi.

Msimamo wetu ni huu: suruali ya maua, ya mistari au ya miraba inafaa harusi ya mtaani, kwa msichana na kwa mvulana, mradi ujue unaenda shughuli ya nani na uivae kwa adabu. Na hata kama huna suruali hiyo wala nguo nyingine mpya, nenda.

Tunalisema hilo kwa sababu nyuma ya suruali kuna jambo zito zaidi. Kuna vijana wanaokosa harusi za majirani waliowalea, na mwaliko walipata, ila wamekwama kwenye lile neno “sina cha kuvaa”. Wapo wengine wanaokwenda kwa mkopo wa simu: nguo inavaliwa saa sita, deni linavaliwa miezi mitatu. Na wapo wanaojitokeza kwa saa moja tu, wapigwe picha, waondoke kabla ya sinia kuletwa ili nguo ya watu isichafuke.

Hilo halifai. Pwani tuna msemo: shughuli ni watu. Mwenye harusi hakukualika uje kuwa pambo la hema. Alikualika ili viti vyake visikae vitupu, ili wawepo wa kupiga vigelegele, wa kupakua pilau na wa kumsindikiza bibi harusi hadi kwa mumewe. Kijana akikosekana kwa sababu ya nguo, anaacha pengo ambalo hakuna dera la bei ghali linaloweza kuliziba.

Suruali si ngeni pwani

Tuanze na lile neno utakaloambiwa mapema, hasa wewe dada: kwamba suruali kwa mwanamke ni kuiga Wazungu. Usibishane kwa sauti. Lakini ujue moyoni kwamba historia ya pwani haisemi hivyo.

Neno lenyewe, suruali, tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, karne nyingi kabla ya jinzi ya kwanza kushonwa. Katika karne ya 19, wanawake wa Zanzibar walivaa suruali za marinda, zenye mikunjo karibu na vifundo vya miguu, na kanzu juu yake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar aliyehamia Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, ana picha maarufu akiwa katika vazi la kwao, na suruali inaonekana wazi chini ya kanzu.

Nenda Oman leo, ambako watu wengi wa pwani wana ndugu. Suruali iliyotariziwa vifundoni ni sehemu ya vazi la mwanamke siku ya sherehe. Na hapa Mombasa penyewe, nani hajaona akina mama wenye asili ya Kihindi wakienda harusini na suruali na kanzu ya Kipunjabi, imejaa nakshi kutoka juu hadi chini, na hakuna anayewauliza kitu?

Hata mabishano kuhusu suruali yana umri mkubwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam. Kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zilipigwa vita kwa madai kwamba zinaharibu utamaduni. Vijana waliokimbizwa mitaani wakati ule leo ni mababu na manyanya. Huenda wao ndio wanaokaa viti vya mbele harusini, wakiitazama suruali yako kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo suruali ina haki yake ya kuingia harusini. Swali linalobaki ni suruali gani, shughuli gani, na mbele ya nani. Hapo ndipo mtu anapotokelezea au anapojiaibisha.

Soma shughuli kabla ya kufungua kabati

Chaani ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Changamwe, na ni mtaa wa mchanganyiko. Kazi za bandari, viwanda na reli zimewaleta watu wa kila kabila na kila dini karibu na hapa. Katika mwezi mmoja unaweza kualikwa nikahi, harusi ya kanisani, na mahari ya Kimijikenda huko bara. “Kawaida” ya kila mmoja ina maana yake.

Nikahi msikitini, kwa wavulana, haina mjadala mrefu: kanzu na kofia. Ukitaka kuvaa suruali yako ya maua chini, jiangalie kwanza juani, kwa sababu kanzu nyeupe nyepesi huanika kila ua lililo ndani. Vaa ya rangi moja nyepesi, ile ya maua ibebe kwenye mkoba kwa ajili ya jioni.

Walima, chakula cha mchana chini ya hema, ndipo nyumbani kwa suruali ya maua. Kuna jua, kuna mkeka, kuna watoto wanaokimbia na soda mkononi. Hapa nguo inayokuruhusu kukaa chini, kuinuka na kubeba sinia ndiyo nguo nzuri.

Usiku wa kupamba, ule wa wanawake watupu, ni habari nyingine kabisa. Usipumbazwe na neno kawaida. Mabuibui yakivuliwa mlangoni, ndani ni dhahabu, hariri na manukato. Suruali pana yenye nakshi inaingia, lakini iandamane na blauzi ya kitambaa chenye uzito na mng'ao kidogo, si fulana. Na simu yako ikae mkobani. Mabibi wamejifunua nywele kwa sababu wameaminiana. Picha moja ikitoka nje umevunja uaminifu huo, na hakuna mtindo wa nguo utakaokurudishia heshima.

Harusi ya kanisani inategemea kanisa. Yapo ambayo hayajali, na yapo ambayo mwanamke mwenye suruali atatazamwa kuanzia mlangoni hadi benchi la mwisho. Kama hulijui kanisa lenyewe, funga leso kiunoni wakati wa ibada, kisha ifungue mkifika kwenye uwanja wa shule au ukumbi wa chakula.

Ukialikwa kwa wazee, Kaloleni au Kinango, nenda na leso hiyo hiyo. Kumsalimia mzee umejifunga leso juu ya suruali hakukupunguzii ujana wako hata kidogo, na kunampa yeye furaha.

Na pale usipojua kabisa, uliza. Si kwenye kundi lenye watu mia mbili ambapo kila mtu atatoa hukumu. Mtafute mtu mmoja wa ndani, shangazi au dada wa bibi harusi, umwandikie kwa heshima: “Shikamoo shangazi. Jumamosi nipo, inshallah. Nikija na suruali pana na mtandio itafaa, au nitafute dera?” Ujumbe huo mmoja utakuokoa wiki nzima ya wasiwasi. Pia unamwonyesha mwenye shughuli kwamba unamjali.

Ua moja linatosha

Sasa tuje kwenye nguo yenyewe. Kanuni ya kwanza ni rahisi: ua moja linatosha. Suruali ikiwa na maua, juu pawe patulivu. Ukivaa suruali ya maua, blauzi ya miraba na mtandio wa madoadoa, watu hawatakuona wewe, wataona pazia linatembea.

Rangi ya juu ichukue kutoka kwenye suruali yenyewe. Tandaza suruali kitandani, itazame vizuri, kisha chagua ile rangi iliyojificha zaidi, si ile inayopiga kelele. Kama maua ni mekundu na majani ya kijani kibichi juu ya kitambaa cha samawati, shati la samawati iliyokolea litatulia kuliko jekundu. Weupe ni salama kwa shati la mvulana. Wewe dada, uepuke weupe mtupu kuanzia juu hadi chini. Siku hiyo ina mwenyewe.

Pili, tazama ukubwa wa maua. Maua makubwa yanaonekana kutoka mbali na yanafaa jioni au kwenye shughuli yenye nafasi. Maua madogo na mistari myembamba ni rahisi zaidi kuvaa mchana na mbele ya wazee. Miraba kwa mvulana, ikiwa ya rangi za kutulia, inakaribia suti bila kuwa suti.

Tatu, kitambaa. Mombasa si mahali pa kujaribu bahati yako na nailoni. Chini ya hema la turubai saa nane mchana, utaloa jasho kabla bwana harusi hajafika. Tafuta pamba au kitambaa laini kinachopumua. Kishike mbele ya mwanga: kama mkono wako unaonekana upande wa pili, ndani unahitaji bitana au gaguro, la sivyo jua la Chaani litatoa siri zote.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapoanguka: suruali ya harusi na suruali ya kulalia hutofautishwa na pasi na pindo. Ile yenye lastiki kiunoni, imekunjamana magotini na inaburuta chini, haijalishi uliinunua wapi, itasema umetoka kitandani. Ipige pasi. Pindo liishie juu kidogo ya ardhi. Lastiki ifichwe, ama na blauzi inayofika mapajani kwa dada, ama na shati lenye kola kwa kaka. Kaka, shati lichomekwe au liwe limekatwa fupi makusudi. Shati refu linaloning'inia juu ya suruali ya maua ni sare ya mtalii aliyepotea.

Tano, yapo ya kuacha nyumbani. Suruali iliyochanika magotini, hata kama ndiyo fasheni, mbele ya mama mzaa chema inaonekana kama dharau. Ya kubana sana nayo itakutesa ukikaa mkekani. Na yale madoa ya kombati ya jeshi, achana nayo kabisa. Humu nchini raia anaweza kutiwa mbaroni kwa sare za kijeshi, na hutaki harusi ya mwenzako iishie kituoni.

Ukitaka kushonesha, una bahati ya kuishi karibu na chanzo. Vuka Makupa uende Biashara Street, mahali ambapo leso na vikoi vimeuzwa kwa vizazi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za chapa ya “Mali ya Abdulla”, lina historia inayoanzia mwaka 1887. Kikoi ni pamba, kina mistari yake pembeni, na fundi anayejua kazi anaweza kukipanga mistari ikashuka kwenye ubavu wa mguu wote. Kaka akivaa suruali hiyo na shati jeupe, kazi imekwisha.

Kitenge nacho kinashoneka vizuri. Kina safari ndefu: nakshi zake zilianza kwa batiki za Java, viwanda vya Uholanzi vikaziiga katika karne ya 19, na Waafrika wakazifanya zao mpaka leo hatuwezi kuwaza harusi bila kitenge. Ila kitenge kipya ni kigumu, kifue kabla ya kukata, kisije kikakurukia vifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kuhusu leso, tahadhari moja ya bure: soma jina kabla ya kukata. Kila leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Mengine ni dua na pongezi. Mengine ni mafumbo makali ya kumrushia mke mwenza au jirani mbeya. Fundi asiyesoma anaweza kukuwekea fumbo hilo nyuma kabisa, mahali pa kukalia. Utapita mbele ya wakwe wa watu ukidhani unasifiwa, kumbe umeanzisha vita.

Bodaboda, matope na sinia

Nguo za magazeti hupigwa picha mtu akiwa amesimama. Wewe hutasimama. Utapanda boda, utaruka dimbwi, utakaa mkekani, utakula kwa mkono, utacheza chakacha. Vaa nguo ya mambo hayo.

Kwenye boda, suruali pana ni hatari ya kweli. Pindo likishikwa na cheni au spoku, hutapoteza suruali tu, unaweza kupoteza mguu. Kabla ya kupanda, kunja miguu yote miwili hadi chini ya goti na uifunge kwa kibanio cha nywele au raba. Kaa ukitazama mbele, miguu huku na huku; hapo suruali inakushinda dera kwa mbali. Ikiwa mko wawili watatu, changeni mchukue tuktuk.

Msimu wa masika, njia zetu za ndani zinajulikana. Pindo la kuburuta litafika harusini limeshakunywa maji ya mtaro. Viatu navyo, visigino virefu vinazama kwenye ardhi laini ya hema na kukuacha ukitembea kama korongo. Makubazi ya ngozi yaliyopakwa rangi yanamaliza kazi kwa wote. Raba nyeupe, kama ni safi kweli, kaka anaweza kuzivaa. Kandambili za bafuni, hapana, hata kama ni harusi ya binamu yako.

Ukifika kwenye sinia, ndipo utakapoishukuru suruali yako. Unakunja miguu bila kuhangaika na marinda, watu sita mnazunguka pilau, na tone la mchuzi likianguka kwenye maua hakuna atakayeliona. Tone hilo hilo kwenye suruali nyeupe lingekuwa habari ya mtaa.

Na usisahau kwamba kwenye harusi ya mtaani mgeni ni mfanyakazi pia. Utaitwa ushike upande mmoja wa sufuria. Utaambiwa uhamishe viti, uoshe masahani, ukachukue barafu. Kijana anayesema “nguo yangu itachafuka” atakumbukwa kwa neno hilo kuliko kwa mtindo wake. Kunja miguu ya suruali, jifunge leso mbele, saidia. Mcheza kwao hutunzwa.

Hesabu ya mfuko

Tuongee pesa sasa, maana ndiyo mzizi wa yote. Tuseme mkononi una shilingi 1,000 na si senti zaidi. Watu wengi wangemaliza zote kwenye nguo, kisha wafike mikono mitupu na waombe nauli ya kurudi.

Sisi tungezigawa hivi. Zisizozidi 400 ziende kwenye suruali, ikiwa huna kabisa. Nyingine 150 ziwe za fundi wa mtaa wako akate pindo na kupunguza kiuno. Nauli 150. Zile 300 zilizobaki zitie kwenye bahasha au uzishike mkononi kwa ajili ya kutunza. Kama suruali unayo tayari, bahasha inanenepa. Maharusi wanaoanza nyumba watakumbuka ile noti. Bei ya suruali yako hawaijui.

Mitumba ni rafiki yako hapa. Marobota hushuka bandari hii hii tunayoiona kila siku, na Kongowea ukiamka mapema unachagua kabla ya wengine. Mnakumbuka mwaka 2020 serikali ilipositisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa hofu ya korona. Wengi ndipo walipojua ni nyumba ngapi zinazovishwa na marobota hayo. Ukichagua suruali, ivute lastiki, angalia mshono wa kati, fungua na kufunga zipu, itazame matakoni na magotini kama imepauka. Ukifika nyumbani ifue, ianike juani, ndipo umpelekee fundi. Suruali ya mitumba iliyopita kwa fundi mzuri hushinda mpya isiyokukaa.

Kuazima pia si dhambi. Lakini wahenga walituonya kuhusu nguo ya kuazima, kwamba haisitiri vizuri, na wenye kuazima wanajua sababu: unakaa kwa woga, unakula kwa woga, na mwenyewe yupo pale pale anakutazama. Ukiazima, azima mtandio au mkoba. Suruali iwe yako.

Kuhusu mkopo wa simu kwa ajili ya nguo ya siku moja, tuseme wazi: usifulize. Shida zitakuja ambazo hazisubiri, mgonjwa, kodi ya nyumba, karo ya mdogo wako. Siku hiyo utahitaji ule mkopo, na utakuta ulishauvaa.

Ukikosolewa

Bado inawezekana ukafika, umependeza, na mtu akakuvuta kando akakunong'oneza kwamba hapa mabinti hawaingii na suruali. Mara nyingi ni mama wa makamo na hana ubaya. Usimjibu kwa hasira, usiondoke. Sema “ahsante mama”, toa leso, jifunge, endelea na shughuli. Umepoteza sekunde kumi.

Lakini kunong'onezwa ni kitu kimoja, na kudhalilishwa ni kitu kingine. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu kwa kisingizio cha mavazi. Tabia hiyo haina nafasi popote, na haianzi na mikono. Huanza na kelele za vijana walioketi nje ya hema, wanaomzomea kila msichana anayepita. Kaka, kama wewe ni mmoja wa walioketi pale, kazi ya kuwanyamazisha wenzako ni yako. Suruali ya dada wa watu haikukuhusu alipoinunua na haikuhusu anapoivaa.

Kwa wenye shughuli

Nanyi mnaooa na kuozwa msimu huu, tuna ombi. Mkisema “vaeni kawaida”, malizieni sentensi. Mistari miwili inatosha: kutakuwa na wazee, tunapenda nguo za heshima, suruali pana ni sawa, wanawake waje na mtandio. Mgeni atawashukuru.

Sare isiwe tiketi ya kuingilia. Hakuna ubaya marafiki wa bibi harusi kushona kitenge kimoja, inapendeza hata kwenye picha. Ubaya unaingia pale jirani aliyekesha akimenya vitunguu anapoambiwa hawezi kukaa mbele kwa sababu hana kitambaa kile. Tafuteni rangi badala ya kitambaa, kwa mfano kila mtu awe na kitu cha kijani, na hata asiye na pesa atapata utepe au mtandio.

Na wekeni leso tatu nne mlangoni, zimekunjwa vizuri kwenye kiti. Atakayehitaji kujistiri ajistiri bila kutangazwa. Ni jambo dogo, lakini litamzuia mtu asirudi nyumbani akilia.

Kijana wa Chaani, wa Mikindani, wa Likoni na Kisauni, hukualikwa kwa sababu ya kabati lako. Ulialikwa kwa sababu ulikua pamoja na bwana harusi, au mama yake alikupa uji ukiwa mdogo. Jumamosi ikifika, ipige pasi ile suruali, tia leso mkobani, na ufike mapema. Mchele haujichambui.